Pikipiki Yangu na Kizuizi cha Mbung'o

Wewe kijana uliyenunua pikipiki kwa jasho lako, kisha ukaiombea ruhusa ofisini uende nayo kazini, sogeza kiti karibu. Nina maneno na wewe na wenzako. Nina wajukuu wawili wa aina yako, mmoja muuguzi na mwingine bwana mifugo, na kila wakija kunisalimu hapa Itetemia wanakuja na vumbi, kelele na haraka. Shikamoo yao naisikia injini ikiwa bado inanguruma. Nikiwaambia kwamba mambo hayo nami niliyafanya, tena kwenye njia ambazo wao wangeshuka wasukume, wanatazamana na kucheka. Wanaona mzee wa mkongojo, wanadhani nilizaliwa nao.

Mimi nilikuwa dresa, zamani za Mwingereza. Wengine walikuwa madresa wa kufunga vidonda. Mimi nilikuwa wa malale. Nilizunguka vijiji vya magharibi ya Tabora nikipima damu za watu na kutafuta ugonjwa huo unaoenezwa na mbung'o. Anakuuma mchana kweupe, panavimba, homa inakuja na kuondoka, na usipotibiwa mapema ugonjwa unapanda kichwani. Hapo mtu anasinzia tonge likiwa mkononi, anasahau majina ya watoto wake, na mwisho haamki. Ukimpata siku za mwanzo, sindano zinamponya. Kwa hiyo kazi yangu yote ilikuwa kuwahi. Neno hilo lishikeni, maana ndilo lililoniponza.

Nilianza kwa miguu. Baadaye nikapewa baiskeli ya serikali, nzito, yenye tandiko lililonifundisha kula nimesimama. Pikipiki niliinunua kwa fundi mmoja wa reli aliyekuwa akirudi kwao. Mshahara wangu peke yake usingeifikia. Mizinga ya nyuki aliyoniachia marehemu baba ndiyo iliyonisaidia. Ilikuwa nyeusi, yenye mstari wa dhahabu uliofifia kwenye tangi, na ukiipiga kiki vibaya ilikurudishia ugoko teke ambalo ungelikumbuka wiki nzima. Nikaiita Punda, kwa kuwa fadhila za punda mnazijua.

Bwana Daktari, Mzungu mkuu wetu, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, hakupenda wazo langu. Alisema chombo cha mtu binafsi kwenye kazi ya serikali huleta maneno. Nikamwonyesha kwamba kwa baiskeli namaliza kijiji kimoja kwa siku, na kwa Punda nitamaliza vitatu. Alifikiri siku mbili, kisha akaniandikia barua ya ruhusa yenye masharti: nisipakie abiria, nisimwazime mtu, na nisimame kwenye kila kizuizi cha mbung'o kama mpita njia mwingine yeyote. Nikatia sahihi haraka, asije akabadili mawazo.

Sasa niwape ya kazi kwanza, maana lawama haitengenezi pikipiki.

Mchanga wa kwetu usishindane nao. Ukiingia mchangani ukashika breki, umelala. Punguza upepo kidogo kwenye matairi, kaa nyuma, mkono wa mafuta usitetemeke, na macho yatazame mbali. Ukitazama gurudumu la mbele, litakupeleka unakotazama, yaani chini. Wakati wa masika, kwenye mbuga zenye udongo mweusi unaonata, shuka kabla hujashushwa. Nilikuwa na kijiti cha mninga, nimekichonga bapa, cha kuchokoa matope kwenye madigadi. Kijiti hicho kiliniokoa mara nyingi kuliko spana zangu zote.

Darubini nayo ina habari yake. Safari ya kwanza niliifunga nyuma kwenye keria. Nilipofika kijijini, skrubu zote zimelegea, kioo kimoja kimeangukia ndani, nikashinda nikitazama damu za watu na kuona ukungu mtupu. Tangu hapo niliibeba kifuani, nimeifunga kwa kanga ya mke wangu, na chini yake mto wa sufi. Watu walinicheka njia nzima, wakaniuliza mtoto ana miezi mingapi. Niliwajibu bado ananyonya. Lenzi haikulegea tena.

Na mafuta. Petroli niliyopata siku hizo ilitiwa rangi nyekundu. Fikirini basi: mtu anakuja na chombo kinachonguruma, anawatoboa watu vidole, anachukua damu zao, kisha anakwenda kando na kumimina kitu chekundu kwenye tangi. Uvumi wa mumiani ulikuwa tayari umeenea nchi nzima. Kijiji kimoja walikimbilia porini wote, nikakuta kuku na bibi mmoja asiyeweza kukimbia, ameketi mlangoni pake ananikodolea macho.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mumiani. Mimi damu yangu imekauka, itakuharibia chombo bure."

Nikafungua chupa ya petroli nikampa anuse. Akanusa, akapiga chafya mbili, akageukia porini na kupaza sauti kwa Kinyamwezi. Nilielewa vizuri sana, maana ndiyo lugha ya mama yangu. Aliwaambia watoke, si damu, hakuna damu inayonuka vibaya namna ile. Wakatoka mmoja mmoja wakatoa vidole.

Hayo ndiyo ninayopenda kuwasimulia watu nikialikwa. Sasa hili lingine silisimulii kwa kupenda, ila naona ndilo lenye faida kwenu.

Njia yangu kuu ilikuwa ile ya zamani ya misafara, ielekeayo Ujiji. Babu zetu walipita hapo na pembe na majora ya nguo mabegani. Mimi nilipita na darubini kifuani. Mahali pori linapokoma na vijiji vinapoanza, serikali iliweka kizuizi: nguzo imelazwa kuvuka barabara, na kando yake kibanda cha giza. Ukifika unaingia kibandani na chombo chako, mlango unafungwa. Kuna dirisha moja dogo lenye mtego wa wavu. Mbung'o hufuata mwanga, kwa hiyo walioko juu yako huruka dirishani wakanaswa. Wanaobaki huondolewa kwa mkono na mlinzi.

Mlinzi alikuwa Mzee Ramadhani, mtu wa mtaa wa Gongoni mjini Tabora, mtoto wa fundi cherehani, mwenye kanzu safi hata saa nane mchana. Alikuwa na wavu mdogo mkononi, tawi la majani, na chupa ya kuwatia mbung'o aliowakamata. Alinifundisha mambo ambayo hayakuwa kwenye kitabu cha hospitali. Mbung'o, alisema, hataki kusafiri kwa mabawa yake ikiwa anaweza kupata lifti. Anapenda kitu kinachotembea, anapenda rangi nyeusi na ya buluu, na akipanda hupanda upande usiouona. Anatulia pale mpaka ufike, halafu anashuka kwa wenyeji wako.

"Mgongo wako si wako, mwanangu," alizoea kuniambia. "Mgongo ni wa anayeuona. Geuka."

Alimwambia hivyo kila mtu. Nilimwona akimwambia bwana mmoja mkubwa wa wilaya mwenye kofia ya mti ya Kizungu, na bwana yule akageuka.

Nami nilikuwa na koti jeusi. Nililipata mnadani, la mtu mnene kuliko mimi, lakini zito na lenye kola pana, na kwa baridi ya kipupwe juu ya pikipiki hakuna kilicholishinda. Mzee Ramadhani alipoliona alitikisa kichwa. Akaniambia koti hilo ni kitanda cha mbung'o, tena chenye godoro. Nikamjibu kwamba koti hilo ndilo linalowajulisha watu kuwa dresa amefika. Jibu la kijana mwenye pikipiki hilo, mnalijua.

Zamani za baiskeli nilisimama kizuizini kila mara bila kunung'unika, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kibanda kina kivuli. Pikipiki ndiyo iliyonitia kichwa kikubwa. Ijumaa moja nilifika adhuhuri nikakuta nguzo imefungwa kwa mnyororo. Mzee Ramadhani amekwenda kuswali. Waenda kwa miguu wawili na mwenye baiskeli mmoja walikuwa wamekaa kivulini wakimsubiri. Mimi nilikuwa na vijiji vitatu vya kumaliza. Nikajiuliza, mimi ndiye mtu wa malale, sheria ya malale inanihusu nini? Pembeni palikuwa na kijia cha warina asali kilichozunguka nyuma ya kizuizi, katikati ya miyombo, gari halipiti lakini Punda anapita. Nikapita. Yule mwenye baiskeli alinitazama tu. Ijumaa iliyofuata sikufika hata kwenye nguzo. Nilikata kona kabla yake. Nikawa nimejipatia barabara yangu ya Ijumaa.

Angalieni ubaya wake. Kwenye kijia kile cha mchanga nilikwenda polepole, nusu nikisukuma kwa miguu, ndani ya pori lenyewe, nimevaa koti jeusi. Kama ningetaka kuwakusanya mbung'o nisingebuni njia iliyo bora.

Upande wa pili wa kizuizi kilikuwapo kijiji cha Mwalembe. Watu wake walikuwa wamehamishwa. Miaka michache nyuma serikali iliwatoa porini walikokuwa wametawanyika, ikawakusanya mahali pamoja, wakafyeka miti pande zote mpaka mbung'o akakosa kivuli. Malale yakakoma. Lakini mwaka ule wa kuhama hawakuvuna, na njaa ilipita nyumba kwa nyumba. Mama Kulwa, ambaye barazani pake ndipo nilipokuwa naweka meza yangu ya kupimia, alikuwa amezaa mapacha. Kulwa alikua. Doto alizikwa nyuma ya nyumba mwaka huo wa njaa, chini ya mawe matatu ambayo mama yake aliyapaka chokaa kila Pasaka, maana walikuwa Wamoraviani.

Mama Kulwa alikuwa mtu wa utani. Mguu wake ulikuwa umeteguka kisimani wakati ule, akawa hatoki nyumbani, kwa hiyo maneno yake yote aliniwekea mimi. Ijumaa moja nilifika kwa kijia kile cha asali, nikavua koti, akalipokea akachechemea nalo ndani kulitundika kwenye kigingi. Nikasikia kofi.

"Dresa," akasema akirudi huku anajisugua shingo, "siku hizi unatembea na wageni wenye meno?"

Nikaingia, nikamwona mbung'o ukutani juu ya koti. Nilimjua palepale, mabawa yake yamelaliana kama mkasi uliofungwa. Nikampiga kwa kofia akafa.

"Mgeni ameondoka," nikamwambia.

Tukacheka. Nikakaa nikala matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, nikatoboa vidole vya watu, nikaondoka kwenda kijiji cha tatu nikijisifu kwamba jua bado liko juu.

Baada ya wiki tatu nikarudi. Mama Kulwa alikuwa amejifunika shuka mchana wa joto. Shingoni, palepale alipojipiga kofi, palikuwa na uvimbe mgumu, mwekundu, umeiva. Niliweka tone la damu yake kwenye kioo, nikainama. Katika damu mbichi humwoni mdudu wa malale kwanza. Unaona chembe za damu zinasukumwasukumwa bila sababu, halafu unamwona anayezisukuma, anajinyonganyonga kati yake. Niliwaona wawili. Niliinua kichwa, nikainama tena, nikitumaini ni macho yangu.

"Mama Kulwa, umetoka kijijini mwezi huu?"

"Nitoke nakwenda wapi na mguu huu? Hata kuni analeta Baba Kulwa. Kwani umeona nini?"

Nikamwambia nilichoona. Nilichojua sikumwambia.

Nilipanda Punda nikaenda Tabora kwa mwendo ambao sijawahi kuurudia, na sikumbuki mchanga hata mmoja wa njiani. Kesho yake asubuhi gari la hospitali lilikuwa mlangoni kwake. Hiyo ndiyo kazi ya pikipiki, vijana, na kwa siku ile sijidharau: mama yule alianza sindano ugonjwa ukiwa bado kwenye damu. Lakini wakati anachomwa sindano, Bwana Daktari aliniita ofisini.

"Mwanamke huyu alikwenda porini?"

"Hapana, bwana."

"Basi mbung'o wamo ndani ya kijiji. Mahali palipofyekwa pameharibika."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Ulimi wangu ulikuwa mzima, meno yangu mazima. Nikasema, "Huenda, bwana."

Wakapelekwa watu wa kukamata mbung'o, wakatembea siku tatu kuzunguka Mwalembe wakiwa wamebeba kitambaa cheusi kuwavuta. Hawakupata hata mmoja. Lakini mgonjwa alikuwepo, tena aliyeugulia nyumbani kwake, na wakubwa waliona wasisubiri wa pili. Ikaamuliwa Mwalembe wahamishwe tena kabla ya mvua, wapelekwe mbali upande wa kaskazini. Mihogo yao ilikuwa ardhini. Barua ya kumwarifu mwanangwa, kiongozi wao, ikafungwa kwenye bahasha ya kahawia, na kwa kuwa hakuna aliyefika haraka kama mimi, nikapewa mimi niipeleke.

Nilikuwa nikiwaambia wagonjwa walioficha homa zao ule msemo wetu, mficha maradhi kifo humuumbua. Niliusema kwa sauti ya mwalimu. Asubuhi ile njia nzima ulinirudia, na bahasha ilikuwa mfukoni mwa koti.

Nilisimama kizuizini. Haikuwa Ijumaa, na hata ingekuwa, ningesimama. Mzee Ramadhani alinifungia kibandani, akasubiri, akanifungulia, akasema, "Geuka." Nikageuka. Nikahisi tawi likipita mabegani, kisha likatulia. Akaweka wavu wake polepole kwenye koti langu, chini kidogo ya kola, akaja mbele akanionyesha. Mbung'o mmoja, mzima kabisa.

"Huyu amekataa dirisha," akasema. "Wapo wa hivyo." Akamtia chupani, akafunga. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Wenzake wa mwezi uliopita uliwapeleka wapi?"

Nikajifanya naikaza kanga ya darubini.

"Nimeziona alama za magurudumu yako kwenye kijia cha asali. Ijumaa nne. Sikwenda kukusemea, nikasema huyu mtu mzima, atajisemea. Halafu nasikia mama wa Mwalembe yuko hospitali."

"Mzee, wakijua watanifukuza kazi."

"Watakufukuza mmoja. Wale ni nyumba ngapi?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya bahasha. Naona mnataka niwaambie kwamba niliamua kishujaa. Niliogopa, nikaketi chini kwenye kizingiti cha kibanda. Nilifikiria mke wangu, na Punda, na jinsi watu walivyoniita Bwana Dresa. Kisha nikayafikiria yale mawe matatu ya chokaa. Wakihama, nani atayapaka?

Nikageuza pikipiki nikarudi Tabora.

Bwana Daktari alipoiona bahasha haijafunguliwa alidhani nimepata ajali. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kijia, koti, kofi la shingoni, mbung'o wa ukutani, yote. Hakupandisha sauti; sauti yake haikuwa na mahali pa kupandia. Aliuliza swali moja.

"Ulipomwona ukutani, ulimtambua?"

"Nilimtambua, bwana."

"Ukaja hapa ukaniambia huenda."

"Ndiyo, bwana."

Akaichukua bahasha akaitia kwenye mtoto wa meza. Kisha akanyoosha mkono. Nikatoa barua yangu ya ruhusa ya pikipiki, iliyokuwa imekunjwakunjwa na kunuka petroli, nikampa. Aliniambia angepaswa kunifukuza, na kwamba hanifukuzi kwa sababu mbili: damu naisoma vizuri, na nimerudi mwenyewe. Lakini nitakaa kizuizini miezi sita chini ya Mzee Ramadhani, nikiwafuta watu migongo, na kabla ya hapo nitakwenda Mwalembe kusema mwenyewe mbele ya watu. Kuhusu kuhama, alisema, atazungumza na wenzake. Mgonjwa mmoja aliyeletewa mbung'o kutoka nje, na siku tatu za kutafuta bila kupata hata mmoja, hiyo ni habari nyingine kabisa. Wiki iliyofuata uamuzi ulifutwa.

Miezi sita ile nilidhani ni aibu, ikawa shule. Hakuna dresa aliyejua tabia za mbung'o kuliko mimi baada ya hapo. Nilijua kwamba hujificha chini ya tandiko la baiskeli, kwenye mikunjo ya mzigo, nyuma ya goti la anayesukuma. Niliwaambia watu geuka mpaka nikawa naota nasema geuka. Koti jeusi nilimpa mlinzi wa stesheni ya reli, asiyetoka nje ya mji. Mzee Ramadhani alininyoosha kwa maneno machache, na aliponiaga alinipa tawi lake. Niliporudishiwa ruhusa, jambo la kwanza nilimpaka Punda rangi nyeupe. Watu wa mjini walisema nimempaka sanda. Waseme.

Lakini nimeruka siku ya Mwalembe, na sikuiruka kwa kusahau.

Nilikwenda kwa baiskeli. Mwanangwa aliwakusanya watu mbele ya nyumba yake. Mama Kulwa alikuwa amerudi kutoka hospitali, amekonda, amekaa kwenye mkeka, mumewe nyuma yake. Nilisema kwa Kiswahili kwanza, nikaona nakimbilia maneno ya ofisini, nikaanza upya kwa Kinyamwezi. Nilisema mbung'o hakutoka kwenye miti yao, alitoka mgongoni kwangu. Kwamba nilipita njia isiyo halali ili niwahi. Na kwamba nilimwona, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu nusura kuwahamishe. Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga.

Mama Kulwa ndiye aliyesema. "Kwa hiyo hatuhami?"

"Hamhami."

Akageuza uso kuelekea nyuma ya nyumba yake, akautazama upande ule kwa muda. Kisha akasema, "Basi kaa, ule." Mumewe alinyanyuka akaondoka, yeye ilimchukua miaka miwili kunisalimu, na ilikuwa haki yake. Mama Kulwa alipoona nimekamata tonge akaongeza, "Lakini mimi na wewe hatujamalizana."

Niliporejea na pikipiki miezi sita baadaye, nilimkuta amesimama mwanzo wa shamba la kwanza, mahali ambapo kijiji hakijaanza bado. Ana tawi la majani mkononi. Akanionyesha kwa kidole nizime injini. Nikazima.

"Kizuizini nimepita, Mama Kulwa. Muulize Mzee Ramadhani."

"Sikukuuliza umepita wapi. Geuka."

Nikageuka. Alinipiga tawi mgongoni, si kwa upole, akakagua chini ya tandiko, akakagua mzigo, akainua hata kanga iliyofunga darubini. Halafu akaniacha nipite. Hivyo ndivyo tulivyofanya kila nilipokwenda Mwalembe, mwaka baada ya mwaka. Uhuru ulikuja ukanikuta nageuzwa pale. Siku asipokuwepo, Kulwa alikuja na tawi. Sikupita hata mara moja bila kusimama, na malale hayakuingia tena kijiji kile muda wote nilipokuwa kazini.

Mwaka niliostaafu nilikwenda kuwaaga. Mbung'o walikuwa hawajasikika upande ule kwa miaka. Kizuizi chenyewe kiling'olewa zamani, na Mzee Ramadhani alikuwa amekwisha kutangulia. Nilikuwa na pikipiki nyingine, na nywele nyeupe ndani ya kofia. Nilipofika mwanzo wa shamba nikazima injini, nikasimama kando yake, nikangoja. Mama Kulwa alikuja akikokota miguu, macho yake hayaoni vizuri tena, tawi mkononi.

"Geuka," akasema.

Nikageuka. Akanipitishia tawi polepole, kutoka shingoni mpaka kiunoni, akarudia mara ya pili kwa kiganja chake kitupu, kwa kuwa macho hayakumtosha.

"Huna kitu," akasema. "Pita ndani."